Wimbo Usiopigiwa Makofi

Kijiji cha Tsablari,
Guria.
Jumatano, 11 Machi 2009.

Mpendwa Dada Nestani,

Habari za siku nyingi? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na koo lako halina mafua, maana tumesikia kwamba huko Tbilisi theluji ilirudi watu wakiwa wameshayaweka makoti kabatini. Mama anauliza kama unakula. Anauliza pia kama dirisha la chumba chako bado linapitisha upepo, na kama ulilitia kile kitambaa alichokupa. Nimemwambia nitauliza yote mawili, basi nimeuliza.

Sisi huku hatujambo kiasi. Baba mgongo unamsumbua kidogo tangu apunguze matawi ya mzabibu. Ng'ombe wetu Nisha amezaa ndama mwenye doa jeupe usoni. Bibi yu mzima kabisa, anakula, anatembea, anasema na watu. Naliandika hili mapema na kwa mwandiko mkubwa, kwa sababu utakayoiona mbele.

Mgonjwa ni Ketino peke yake. Mabwana wamekuja nyumbani kwetu.

Umekaa mjini muda mrefu, huenda umesahau, kwa hiyo nakukumbusha. Daktari aliyempima anauita ugonjwa huu tetekuwanga, ameacha dawa ya kupaka na ya kunywa, nasi tunampa Ketino zote mbili. Lakini ndani ya nyumba hatulitaji jina hilo. Tunasema Mabwana wamevuka bahari, wamefunga farasi wao mlangoni kwetu, na wamekaa kwenye ngozi ya mdogo wetu kama wageni. Kitanda chake tumekitandikia shuka nyekundu. Nimemchumia maua ya urujuani, yale yanayoota chini ya ua wa Mzee Valiko. Tumefunga peremende kwenye tawi na kulisimamisha karibu na kichwa chake. Na mpaka wageni waondoke, hakuna kuchinja kuku, hakuna kugombana, hakuna kupaza sauti, wala hakuna kumkemea mbwa. Mzee Valiko anasema tangu wiki iliyopita mbwa wetu amekuwa mbunge: anakula, analala, na hakuna wa kumuuliza.

Basi ujue kwamba barua hii naiandika nyumba ikiwa na wageni. Ukikuta mahali maneno yamepoa kuliko inavyostahili, sababu ni hiyo.

Dada, tulikuona kwenye televisheni. Ile mara ya kwanza, mwezi uliopita, ulipoingia kwenye mashindano. Baba alikuwa ametangazia kijiji kizima, ungedhani anaoa. Sebule ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye gogo la kuni. Mama alipika mkate wa mahindi, akakata jibini, akatoa divai ile ya mtungi wa mwisho. Ulipotokea na gauni jekundu, Mzee Valiko alisema, "Ambrosi, huyu si wako. Wewe hujawahi kuzaa kitu kizuri namna hii." Baba akamjibu, "Uzuri wote niliumaliza kwake, Pikria akakuta mabaki." Watu wakacheka, na mimi nikacheka pia, kwa sababu usiku ule hakuna kitu ambacho kingeniuma.

Kisha ukaanza kuimba, na mimi nikaujua wimbo kabla ya neno la kwanza, kwa ile pumzi unayoivuta.

Ulikuwa wimbo wetu wa Mabwana, ule wa Bibi, unaoimbwa kando ya kitanda cha mtoto mwenye homa. Uliimba sehemu ya Bibi ya kuanzisha, ukaimba na sauti yako ya juu, na mahali pa besi yangu palikuwa na mashine. Nisiseme uongo, uliimba vizuri. Mke wa Valiko alilia. Lakini mimi nilikuwa natafuta kwenye ile picha mahali alipolala mgonjwa. Nilitafuta mpaka wimbo ukaisha. Palikuwa na taa tu.

Mtangazaji akakuuliza wimbo umeutoa wapi. Ukasema, "Nilirithishwa na bibi yangu. Sasa ni marehemu, lakini najua ananisikia."

Na kweli alikuwa anakusikia. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko la kuni, ana bakuli la jozi mapajani, anavunja maganda.

Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Mzee Valiko, unamjua alivyo, ndiye aliyethubutu. Alisema, "Darejani, sasa sisi tuliokunywa divai yako, itakuwaje?"

"Kunyweni," Bibi akasema. "Ni ya arobaini yangu."

"Basi angalau ungetuambia tuvae nyeusi."

"Wewe Valiko hata ukivaa nyeusi hufai kwenye msiba. Utaimba wimbo wa harusi."

Watu wakacheka tena, wakamsifu Bibi kwa ulimi wake, wakaaga mmoja mmoja. Mtangazaji alikuwa ametaja namba ya kukupigia kura, na wengi walikupigia pale pale mlangoni. Valiko alinionyesha simu yake, akaniambia taratibu, "Kidole kimepiga, Pikria. Moyo bado unatafuta namba."

Walipokwisha ondoka Mama alianza kulia. Alisema labda umelazimishwa, labda wenye kipindi walitaka hadithi ya kusikitisha. Nami nataka kuamini hivyo. Baba alitoka nje kumwangalia Nisha, ambaye hakuwa na shida yoyote. Bibi aliendelea na jozi zake, kisha akasema bila kumtazama mtu, "Kufa, nitakufa tu, hajanizulia jambo la ajabu. Linaloniuma ni kwamba wimbo umetoka nyumbani, umekwenda mbali kote huko, na haukumkuta mgonjwa."

Tangu siku ile Bibi hakuimba tena. Hakuimba akikamua, hakuimba akikanda unga. Nyumba yetu ilikuwa kama nyumba iliyoondolewa saa ukutani. Unaendelea kutazama pale pale, na pale hapana kitu.

Dada, nakumbuka siku aliyokupa sauti ya juu, ingawa nilikuwa mdogo. Tulikuwa jikoni, wewe ukiwa na umri huu nilio nao sasa. Alikuwekea kiganja kooni, akakwambia, "Hii si yako. Ni amana. Umewekewa kwa ajili ya mtu asiyeweza kulala." Kisha akakutajia masharti. Ukiitwa, usikatae. Ukipewa kitu, usipokee. Na usiimbe pasipo na mgonjwa, maana Mabwana watadhani wameitwa. Ukaitikia, nami nikaona wivu, kwa sababu mimi nilipewa besi. Nililalamika kwamba besi haina maneno. Bibi akaniuliza kwa nini watu wetu wanasema wimbo unasemwa, lakini besi inapewa mtu. Akajijibu mwenyewe, "Kwa sababu anayetoa besi habaki na kitu. Chote kimekwenda kwa mwenzake." Nilidhani ananibembeleza tu ninyamaze.

Sasa nikueleze jambo la Tsiuri, yule wa nyumba ya bondeni mwenye mtoto wa miaka mitatu. Mabwana waliingia kwake kwanza, mwishoni mwa Februari. Kwa kuwa wimbo wako kila mtu anao kwenye simu, akaona asimsumbue Bibi. Akaweka simu kwenye mto, akauwasha. Mtoto akatulia, akafumba macho, na Tsiuri akaanza kukuombea baraka. Halafu wimbo ukaisha, na ukumbi wote ukapiga makofi. Mtoto akashtuka, akaanza kulia na kujikuna. Akauwasha tena, mtoto akatulia tena, makofi yakamwamsha tena.

Alikuja kwetu asubuhi, kilemba kimekaa upande, macho mekundu. Alisimama penye lango hakuingia, kwa sababu ya ugonjwa, akamwambia Bibi, "Mama Darejani, wimbo ni mzuri, sina la kusema. Lakini una makofi mwishoni. Huna usio na makofi?"

Bibi akamjibu, "Mwimbaji wa nyumba hii yuko mjini."

"Lakini wewe…"

"Mimi ni marehemu, Tsiuri. Hukusikia?"

Hakulisema kwa mzaha. Tsiuri alibaki ameshika lango, kisha akateremka bondeni. Dada, sijawahi kuona mtu akikataliwa nyumbani kwetu. Tangu niwe na akili, mtu akija kwa ajili ya mtoto, Bibi huacha hata maziwa yakachemka yakamwagika. Nilimtazama Tsiuri akiteremka, nikaona aibu kama vile ni mimi niliyemfukuza. Na hapo ndipo nilipotaka kukuandikia barua nyingine, si hii. Wakati huo hatukuwa na wageni, ningeweza kuandika neno lolote. Nashukuru sikuwa na stempu.

Siku chache baadaye Ketino akaamka ana vipele tumboni. Mama alikupigia simu, nami nilikuwa karibu nikisikia sauti yako. Ulisema, "Nitakuja Jumamosi, mwambieni anisubiri." Hukusema labda. Mama alitandika kitanda chako kwa shuka zilizokaushwa juani. Baba alikwenda kukungoja kwenye basi la mchana, akangoja na la jioni. Ketino alikataa peremende zote za kwenye tawi, anakuwekea ile ya umbo la jogoo.

Jioni Mama aliwasha televisheni ili mtoto aache kujikuna. Ukatokea, gauni la bluu safari hii. Ketino akanyoosha mkono akasema, "Mama, Nestani huyo, amekuja." Mama akamwambia huyo ni picha. Ketino akasema, "Basi mwambie atoke."

Hapa pana neno ningeliandika. Wageni wapo.

Hukuimba wimbo wa Mabwana siku hiyo, uliimba mwingine, wa mapenzi. Ulisema asante kwa watu wa Guria wote. Mama alizima kabla hawajahesabu kura, kwa hiyo hatujui kama umeshinda. Ukitujibu, utuambie.

Jumapili asubuhi Ketino aliamka na homa. Dawa alikuwa amekunywa, daktari alikuwa amesema tungoje itateremka yenyewe, lakini kungoja na mtoto anayelia si kama kungoja basi. Alikuwa akijisugua mgongo kwenye ukuta kama ndama. Akawa anasema, "Niimbieni. Mbona hamniimbii?" Mama, kama unavyomjua, akiimba ni kama mlango usiotiwa mafuta. Alijaribu hata hivyo. Ketino akamwambia, "Wewe hapana, Mama," kwa adabu kabisa, na Mama akacheka huku anajifuta machozi.

Bibi alikuwa jikoni na mlango uko wazi. Alikuwa anasikia yote. Hakuja.

Basi nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Dada, mimi sijawahi kuanzisha wimbo maisha yangu yote. Anayetoa besi husubiri mwenzake aanze, ndiyo kazi yake. Maneno nayajua, maana nimeyasikia kutoka chini, kama mtu anayeijua nyumba kwa kukaa ghorofa ya chini. Nilianza juu mno, nikakwama. Ketino akanitazama kwa mashaka. Nikaanza upya, chini kidogo, nikawakaribisha Mabwana, nikawaambia tumewatandikia, nikawaambia farasi wao wamekula. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka, na chini yake hapakuwa na kitu. Hapo ndipo nilipojua besi ni nini. Kuikosa ni kama kutembea kwenye ubao juu ya mto na mtu ameuondoa ubao.

Nilipofika ubeti wa pili, ubao ukarudi.

Ubao huo ulitoka jikoni kwanza, ukasogea, ukaingia chumbani. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, vidole vyake vyeusi kwa maganda ya jozi, ananipa besi. Bibi, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akiimba sehemu nyingine isipokuwa ya kuanzisha. Nilipotaka kunyamaza nimwachie nafasi yake, alitikisa kichwa, akanionyesha kwa mkono: endelea, mbele ni kwako. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kukaa kimya, lakini haikuyumba hata mara moja. Alinipa yote, hakubaki nayo.

Ketino alilala kabla wimbo haujaisha. Ulipokwisha, hakuna aliyepiga makofi. Tulisikia tu anavyopumua, na mbwa wetu mbunge akijinyoosha barazani.

Bibi aliniambia, "Ulianza kama mbuzi. Ulimaliza kama mtu." Kisha akasema, "Vaa viatu."

Tulikwenda bondeni kwa Tsiuri. Njiani alichuma urujuani, akanikataza kumsaidia. Tsiuri alipofungua, Bibi alimwambia, "Juzi ulinikuta nimekufa. Leo nimepata nafuu." Tsiuri alimkumbatia. Mtoto wake alikuwa amekwisha kuanza kupona, alikuwa ameketi anakula mkate wa mahindi, na kwa kweli hakutuhitaji sana. Bibi alisema tuimbe hata hivyo, kwa sababu tuliitwa. Tsiuri alitaka kutupatia mayai, akayarudisha mwenyewe kabla Bibi hajafungua mdomo.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikuandikie leo.

Wimbo wetu una sauti tatu, na sisi tuko wawili. Katikati ya ubeti wa pili kuna mahali ambapo yule wa juu huingia, pale unapopandisha kana kwamba unafungua dirisha. Tunapofika pale, mimi na Bibi hatujazi. Sikumuuliza kwa nini. Mara ya kwanza nilidhani ameishiwa pumzi, lakini jana kwa Ketino alifanya vile vile: alishikilia besi, akanitazama, akangoja, kisha ndipo tukaendelea. Mke wa Valiko aliyekuwepo akasema, "Hapo pana pengo, ongezeni kitu." Bibi akamwambia, "Si pengo. Pana mwenyewe."

Alisema hivyo, Dada. Mtu uliyemwita marehemu mbele ya nchi nzima.

Mimi sijafika alipofika yeye. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, kwenye meza hii hii ninayoandikia, na kila kitu nilichokijua kuhusu kuwa mkubwa nilikichukua kwako. Nilipokuwa nikisema nitakuwa kama Nestani, watu walikuwa wananiambia vizuri. Sasa nikiulizwa shuleni kama mimi ni mdogo wako, najibu ndiyo, halafu natazama dirishani. Sijui nifanye nini na hilo. Mwalimu Lamara anasema barua njema humwacha msomaji na jambo la kufanya, basi jambo lenyewe ni hili: njoo. Usilete zawadi, na usije na watu wa kupiga picha. Hakuna atakayekuuliza kwa nini. Valiko atauliza, lakini yeye huuliza hata mawe.

Na kama huwezi kuja, au ukiona aibu kuingia lango hili, huko Tbilisi pia kuna watoto wenye homa. Pana mlango ulio karibu na wako, bila shaka. Gonga. Imba bila taa. Mtoto akilala, ondoka kabla hawajakushukuru. Bibi nitamwambia, naye atajua kwamba wimbo umefika.

Jumapili ijayo tutawasindikiza Mabwana. Vipele vya Ketino vimeanza kukauka. Baba anawachongea farasi mdogo wa mti, Mama atawaokea mikate midogo, nasi tutavipeleka mpaka njia panda na kuwaomba waende kwa amani. Baada ya hapo nyumba yetu itakuwa huru, na mimi nitakuwa na ruhusa ya kusema kwa hasira. Hasira ninayo, sikufichi. Ningeweza kungoja siku nne tu nikuandikie kila kitu. Ndiyo maana nimeamua kuandika leo, na Baba anaipeleka barua posta sasa hivi, kabla wageni hawajaondoka.

Mama anakusalimu na anakumbusha kitambaa cha dirishani. Baba anakusalimu, anasema Nisha na ndama nao wanakusalimu. Mzee Valiko na mkewe wanakusalimu, na Tsiuri wa bondeni pia. Ketino anakusalimu sana, peremende ya jogoo bado iko kwenye tawi, ingawa kishungi amekilamba. Bibi Darejani anakusalimu kwa kinywa chake mwenyewe. Nilimuuliza niandike nini, akasema, "Andika kwamba nasikia."

Mungu akulinde barabarani na akutunzie koo uliloachiwa.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda bado,

Pikria.